Gari Lililoondoka Tukiwa Kwenye Maombi

Mmeniuliza sokoni nikichagua nyanya, mmeniuliza kanisani kabla hata sijaketi, na Mama Kalondu amenifuata hadi shambani: "Mwalimu, ni kweli ulipanda gari haina dereva?" Ni kweli kabisa, tena si mara moja. Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu akipata mwanzo na yule akipata mwisho, mpaka habari imefika Muthetheni ikisema kwamba nilirushwa nje ya gari la majini. Sikurushwa, na jini sikuliona. Ketini niwaeleze yote kwa mpigo mmoja.

Kwa asiyeijua nyumba yetu, Musyoka ni ndugu yangu, kitinda mimba wa mama. Alikwenda Marekani akiwa kijana, akafanya kazi ya kutunza wazee, kisha presha ya macho ikamla macho yote mawili. Tangu siku hiyo mama yetu, ambaye sote tunamwita Mwaitu, hakupata usingizi mzuri. Tuliambiwa Musyoka anakaa ndani tu kama mfungwa. Familia ikaketi, ikaamua kwamba mimi niliyestaafu ualimu, mjane asiye na wa kumuuliza anakwenda wapi, ndiye nitakayekwenda kumchukua. Mwaitu alinishika mikono yote miwili akasema, "Nenda uniletee mtoto wangu." Nikaahidi. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari yangu. Habari ya magari niliikuta mbele ya safari.

Wamunyu hadi uwanja wa ndege, na Kioko

Kioko mnamjua, jirani yangu mchonga vinyago, mwenye gari dogo la kupelekea twiga wake Nairobi. Alisema tutaondoka saa nne asubuhi. Saa nne ilipofika alikuwa bado anafunga vifaru vyake vya mbao kwa magazeti. Tulipong'oa nanga hatimaye, alisimama kusalimia fundi wa pikipiki, akasimama tena kununua miwa, kisha akaendesha huku akiutafuna muwa, simu begani, usukani akiushikilia kwa goti.

"Kioko, ndege haitaningoja!"

"Mwalimu, wewe tulia. Ndege huwa inachelewa."

Kabla ya Machakos mjini tulimwona mama amesimama kando ya barabara na mtoto aliyelegea mgongoni. Hakutusimamisha. Kioko alikanyaga breki mwenyewe, akarudi nyuma, akamwambia, "Ingia mama, twende hospitali." Tulikata kona, tukawafikisha hadi langoni, na Kioko akashuka kumbebea mama yule mfuko wake. Nilikuwa nimekunja uso kwa sababu ya saa, lakini moyoni nilimbariki.

Tulipofika Syokimau magari yalikuwa yamesimama foleni ndefu. Kijana mmoja aliyekuwa akiuza maji kati ya magari aliinama dirishani, "Niaje mathe, chupa moja? Hii jam haisongi leo." Nilipogeuka kumwambia Kioko alipe, nilimkuta amefumba macho, kidevu kifuani.

"Kioko! Unalala!"

"Hapana, Mwalimu. Napumzisha macho."

Nyinyi mliomzika mume wangu pamoja nami mnajua kwa nini nilimpigia kelele. Dereva wa lile lori la mchanga lililomuua naye alikuwa akipumzisha macho. Tangu pale hadi uwanjani nilimwimbia Kioko nyimbo za kanisani kwa sauti ya juu, beti zote, na madereva wa magari ya karibu wakafunga vioo. Niliingia uwanjani nikikimbia, kitambaa cha kichwa mkononi, wa mwisho kabisa kwenye foleni.

Angani, na habari ya mbaazi zangu

Ndege ya kwanza ilitupeleka Doha. Kulikuwa na kitufe juu ya kiti chenye picha ya mtu. Nilidhani ni cha taa. Kila nilipokibonyeza msichana mrembo alikuja mbio akitabasamu, nami kwa aibu nikaomba maji. Nilikunywa maji mengi sana, na aliyeketi kando yangu, Mhindi mmoja mpole, akawa anasimama kunipisha kwenda msalani mpaka akaamua kuniachia kiti chake cha njiani.

Chakula kilikuja katika vijisahani vya kuchezea watoto. Kila kitu kilikuwa kitamu na hakuna kilichoshibisha. Baada ya Doha ikaja ndege nyingine iliyoruka mpaka nikasahau kama ni jana au kesho, kisha ndogo ya kumalizia hadi Phoenix, mji ulio jangwani ambako Musyoka anaishi.

Mahali tulipoingilia nchini, afisa aliniuliza kama nina chakula. Mimi si mtu wa kuficha. Nilifungua sanduku nikamwonyesha muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, na mbaazi nilizozichambua na Mwaitu mwenyewe. Akasema haviruhusiwi. Nikamweleza kwamba havina wadudu, nilivianika mwenyewe, na kwamba ndugu yangu hajaonja mbaazi za nyumbani miaka mingi. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza, kisha akavitupa vyote pipani mbele ya macho yangu. Nilikasirika hadi nikasahau kuogopa, na hilo lilinisaidia kujibu maswali yaliyobaki.

Kutoka uwanjani hadi kwa Musyoka

Nilitarajia kumkuta ndugu yangu ameshikwa mkono na mtu. Badala yake nilimwona akija peke yake, fimbo nyeupe ikigusagusa sakafu, shati limepigwa pasi safi.

"Dada!" aliita. "Hicho kikohozi ni chako. Hakijabadilika."

Nilimkumbatia nikalia kama mtoto. Nilipomaliza kulia alinishika bega, na yule kipofu ndiye aliyeniongoza mimi mwenye macho mpaka nje. Joto la huko, jamani! Kitui ni friji. Musyoka alizungumza na simu yake, nayo ikamjibu. Punde gari jeupe likaja taratibu, kitu kikizunguka juu ya paa lake, likasimama mbele yetu. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu.

"Ingia, Dada."

"Tumngoje dereva kwanza."

"Haina dereva."

"Ameenda msalani?"

Musyoka alicheka mpaka akaegemea gari. Macho yalinitoka. Nilichungulia chini ya usukani, nikachungulia nyuma, nikazunguka gari zima. Ndugu yangu alinifungulia mlango wa nyuma, lakini hapo nilikataa katakata. Kwetu mtu akikubeba kwa gari lake, unaketi mbele kando yake mzungumze. Ukikaa nyuma umemgeuza mtumishi wako. Kwa hiyo niliketi mbele, kando ya mtu ambaye hakuwepo. Sauti ya mwanamke ikatusalimia kutoka kwenye gari, nami nikaitikia, "Asante mama, habari ya kazi?"

Usukani ukaanza kujizungusha.

Sitawadanganya, nilishika rozari. Lakini tulipopita taa za kwanza furaha ilinipanda kutoka miguuni. Liliendesha vizuri! Mzee mmoja alikuwa akivuka barabara, anajikokota na kigari chake cha ununuzi, na gari likasimama, likamngoja, halikupiga honi, halikumtukana mama yake. Likatoa ishara kabla ya kukata kona. Halikutafuna muwa. Nilipiga makofi peke yangu pale mbele, nikasema, "Musyoka, hii kitu imeokoka!"

Tulipokaribia kwake, alisema nyumba ni ile yenye ukuta wa rangi ya udongo. Mkono wangu ulijiendea wenyewe, nikagonga paa mara mbili kama tunavyofanya kumwambia kondakta, "Shukisha hapa!" Gari halikujali, likaenda kusimama panapolipendeza. Kabla ya kushuka niliona haya kuondoka bila shukrani, kwa hiyo nikaacha ndizi mbili nilizobakiza kwenye ile ndege ndogo juu ya kiti cha dereva, nikasema, "Ni muvea," ahsante yetu ya Kikamba. Hatujafika mlangoni, simu ya Musyoka ikamwambia kwamba tumesahau kitu ndani ya gari.

"Hatujasahau," nikamwambia. "Hiyo ni ya dereva."

Huku na huko mjini

Jioni ile nilimweleza ujumbe wa nyumbani. Alikuwa anakaanga mayai, nami nilishangaa jinsi alivyojua yameiva kwa kusikiliza tu. "Mwaitu akisema, nani atakataa?" akajibu, na mayai yakaungua upande mmoja.

Nilifurahi. Nilidhani kazi imekwisha, sasa nitembee tu. Na nilitembea! Asubuhi Musyoka aliita gari akaenda kazini kwake, hotelini, ambako anapokea simu za wageni. Jumatano alikwenda mazoezi ya kwaya. Alikwenda kunyolewa. Yule mfungwa tuliyeambiwa anakaa ndani nilimkosa nyumbani kila nilipomtafuta. Ilikuwa kweli zamani, aliniambia. Macho yalipokwisha tu, alikaa ndani muda mrefu, na alipotaka kutoka alilazimika kumwomba mtu.

Jumamosi moja alinipeleka mwisho wa mji, mahali penye mawe, vichaka na upepo, pamekauka kama Kivaa kabla ya mvua. Tulishuka, tukasimama. Nilingoja aniambie tumefuata nini.

"Tumekuja kufanya nini hapa?"

"Hakuna, Dada. Tumekuja tu. Nilipokuwa napelekwa na watu singeweza kwenda mahali bila sababu, maanake ni lazima ningemwambia mtu hiyo sababu."

Aliinua uso akaupokea upepo. Tulikaa pale mpaka nikaanza kusikia njaa.

Lakini msidhani kila siku ilikuwa asali. Siku moja kulikuwa na ajali mbele, na polisi alikuwa akiongoza magari kwa mikono. Gari letu lilimwona, likashindwa kuelewa anataka nini, likaganda. Polisi alipunga mkono, magari ya nyuma yakapiga honi, nami nikafungua dirisha nikamwambia polisi, "Afande, si mimi!" Ilibidi mtu aliye ofisini mbali azungumze nasi kwa sauti ya kwenye gari, kisha tukasogezwa na kushushwa ng'ambo ya barabara, mahali ambapo si pa kawaida. Gari likaenda zake. Musyoka alipiga hatua chache, fimbo yake ikaingia kwenye shimo lililochimbwa na mafundi wa mabomba, akageuka, akapoteza upande. Nilimwona ndugu yangu amesimama katikati ya njia ya watu, uso wake umebadilika, hajui dunia iko wapi. Nikamshika mkono. Alinishika kwa nguvu sana.

Jumapili baada ya misa tulialikwa kwa Mutua, mtu wa Mwala, na mkewe. Waliweka ugali, sukuma wiki na mbuzi wa kuchoma, nikala mpaka nikaona haya. Mutua alikuwa dereva wa teksi, na kwa miaka ndiye aliyempeleka Musyoka kila mahali. Magari haya yalipozidi, wateja walipungua, akauza teksi. Sasa anasambaza vifurushi vya watu, hataki hata kukumbuka. Mimi nilikuwa bado na moto wangu, nikaanza kuyasifu magari mbele yake bila kufikiri.

"Mwalimu," akasema, "hiyo gari inalewa?"

"Hailewi."

"Inalala?"

"Hailali."

"Sasa mimi nikuambie nini? Nikisema ni mbaya, nitakuwa naongopa. Inaendesha kunishinda." Aliweka mfupa kwenye sahani. "Lakini mimi nilikuwa namfikisha huyu mpaka kwa mlango. Nilikuwa nangoja nisikie funguo imeingia, ndio niende. Hiyo inamwacha kwa barabara."

Musyoka alisema polepole, "Ni kweli. Lakini Mutua, nilikuwa nakungoja pia. Ukiwa na mteja wa mbali, mimi nakaa."

"Ni kweli," Mutua naye akasema.

Waliendelea kula, marafiki kama kawaida. Mimi ndiye niliyeacha kula. Niliwaza vijana wetu wa bodaboda pale stendi, nikawaza Kioko na karo ya watoto wake, na madereva wa malori. Magari haya yakija Machakos, nusu ya nyumba tunazozijua zitakula nini? Kisha nikamwaza mume wangu, ambaye leo angekuwa akinipigia kelele kwamba chai imepoa, kama lile lori lisingekuwa na dereva. Mambo haya mawili yalinikaa kifuani pamoja, na hadi leo hayajaondoka.

Maombi ya safari

Siku ya kurudi ilifika. Musyoka alikuwa amefunga sanduku lake, ameaga kazini, hasemi mengi. Wakenya wa kanisani walikuja kutuaga, Mutua miongoni mwao. Gari likaja, buti likafunguka, masanduku yetu yote mawili yakapakiwa. Na nyinyi mnajua mtu wa kwetu haondoki bila kuombewa. Tukasimama duara kando ya gari, tukashikana mikono, tukafumba macho. Mzee mmoja wa kanisa akaanza.

Alianza na Ibrahimu alipotoka kwao. Akaombea njia, akaombea hali ya hewa, akaombea mabawa ya ndege, la kushoto na la kulia. Akaombea marubani na wake zao. Akaombea Wamunyu nzima ipate mvua. Sisi tukaitikia, "Amina!" na tulipofumbua macho, gari halikuwepo.

Lilikuwa limengoja muda wake, likaona hakuna anayeingia, likafunga buti likaenda na masanduku.

"Mungu wangu! Nani ameliona?" nikapiga kelele.

"Mimi nilisikia ikienda," Musyoka akasema.

"Na ukanyamaza?"

"Dada, mzee alikuwa bado anaombea marubani."

Wengine walivunjika mbavu. Mimi nilikimbia hadi kona nikipunga kitambaa, kana kwamba lina dereva wa kunitazama kiooni. Musyoka alipiga simu, akazungumza na mtu wao kwa utulivu. Walisema masanduku yako salama na yatarudishwa pale nyumbani, lakini itachukua muda, na ndege yetu haikuwa na muda. Mutua alishaleta gari lake. "Ingieni," akasema. "Hii ina dereva, inaweza kukimbia kidogo."

Niliingia. Musyoka alibaki amesimama na mkono juu ya mlango.

"Mtu lazima abaki ayapokee," akasema.

"Mutua atayapokea. Ingia."

"Dada."

Kwa jinsi alivyosema neno hilo nilijua. Nikamuuliza kama atakuja kesho, akatikisa kichwa. Hasira ilinipanda, nikamwambia mbele za watu kwamba nimevuka bahari, kwamba Mwaitu hana miaka mingi, kwamba nimeahidi. Hakunikatiza.

"Nyumbani mnanipenda sana," akasema nilipomaliza. "Najua. Nikifika kila mtu atanishika mkono. Nitaenda choo nimeshikwa mkono. Nikitaka kwenda Wamunyu sokoni, mtaniuliza unataka nini tukuletee. Na sitaki kitu, Dada. Nataka kwenda tu."

Nilitaka kubisha. Nilikumbuka yale mawe na ule upepo, na uso wake. Nilikumbuka pia uso wake kando ya lile shimo, na huo ndio ulioniuma zaidi.

"Na ukianguka?"

"Nitaanguka," akasema. "Hata wewe huanguka."

Nilishuka nikamkumbatia. Nililia, naye akalia, na Mutua akapiga honi kwa sababu alikuwa binadamu na alijua saa. Niliabiri ndege nikiwa na mkoba wa mkononi tu. Sanduku langu lilinifuata baadaye. Kiti cha kando yangu kilikuwa kitupu safari nzima hadi Doha, na chakula chake waliniletea mimi.

Wamunyu tena

Kioko alinipokea uwanjani. Njiani sikumwimbia, kwa kuwa alikuwa amelala vizuri jana yake, na alitaka kusikia yote. Nilipofika habari ya usukani unaojizungusha alipiga mluzi. Baada ya hapo aliendesha mwendo mrefu, mikono yote miwili juu ya usukani, kisha akaniuliza kama magari hayo yanaweza kubeba vinyago bila kuvivunja. Nikamwambia yanaweza.

Mwaitu alikuwa nje ya nyumba, anachambua pojo kwenye ungo. Alinitazama nikishuka. Kisha akautazama mlango wa upande wa pili wa gari, akaendelea kuutazama. Nilipiga magoti karibu naye nikamweleza kila kitu, tangu mwanzo, bila kuficha. Alikuwa na maswali yake.

"Anaenda kazini?"

"Anaenda, Mwaitu. Wamemrudishia kazi yake."

"Na kanisani?"

"Anaenda. Na kwaya."

"Nani anampeleka?"

"Hakuna mtu. Ni hilo gari."

Alichambua pojo kidogo, akatupa vijiwe. "Na akishuka," akasema, "nani anamshika mkono?"

Ningeweza kumdanganya, na labda angelala vizuri. "Siku nyingi hakuna mtu, Mwaitu. Siku zingine ni Mutua. Siku zingine anaanguka."

Aliweka ungo chini. Nilingoja anilaumu kwa ahadi niliyoivunja, na nilikuwa tayari. Akasema, "Mpigie."

Nilimpigia Musyoka, nikaweka simu kwenye kiganja cha mama sauti ikiwa wazi. Mwaitu aliongea Kikamba, polepole, akiikazia simu macho kana kwamba yumo ndani.

"Musyoka, ni mama. Nilimtuma dada yako akulete kama gunia la mahindi, na nilikosea. Sitaki uletwe. Nataka uje. Chagua siku yako mwenyewe, uje, na ukitaka kurudi urudi, mimi nitakusindikiza mpaka barabarani."

Upande wa pili nilimsikia ndugu yangu akilia, na Mwaitu akaishikilia simu, akamngoja amalize.